Maji ya Yaya Chola

Lubumbashi, le 6 mars 1973

Mama wangu,

Jambo sana. Magoti yako iko namna gani? Mie niko muzima, na leo niko muzuri kupita mukubwa wangu Yaya Chola, sababu kichwa yake imevimba. Usilie bado! Alianguka na kinga yake, ile baiskeli, ku kartie ya Bel-Air, akapiga kichwa ku beton. Eko ku hopitali, mie njo namuchunga. Docteur anasema bongo imevimba na mufupa ya kichwa haipanuke, njo maana inabanwa. Banamutia dawa mu mushipa: inavuta maji mu bongo, inaishusha mu mikojo. Mama, anakojoa sawa bomba! Lakini kunywa, gobelet ine kwa siku, basi. Mie njo napima. Masomo niliacha mu sixième, darasa ya sita, lakini ba-infirmier, bauguzi ba hapa, bananiuliza: "Citoyen Docteur, amekunywa ngapi?" Jana alifungua macho, akaniita mupumbafu. Atapona.

Mutoto wako, Mumba

Kasomeno, le 10 mars

Mwanangu Mumba,

Magoti inauma, achana nayo. Dawa gani ile inakausha muntu sawa samaki, na maji banamunyima? Chola nilimuzaa mie, hapana docteur. Kwetu mugonjwa halale na kiu. Mupe maji mpaka aseme inatosha. Bakikataa, mupe kwa kujificha.

Mama yako

Lubumbashi, le 19 mars

Mama,

Jambo. Leo sina kichekesho. Yaya alituacha le 14. Mvua ilikata barabara, tukamuzika bila wewe. Unisamehe.

Kosa ni yangu peke. Alikuwa analamba midomo, nikamuhurumia, nikamunywesha bidon muzima ya maji. Maji ikaingia mu bongo, ikavimba tena. Alitapika, akalala, hakuamuka.

Barua yako ilinikuta baada ya maziko. Ililowa mvua, sikuweza kuisoma. Usiandike tena ile ulisema.

Mutoto wako

Kasomeno, le 27 mars

Mwanangu,

Unakula? Kula.

Kasonde, dereva wa lori, amepita hapa. Anasema barua alikutia mu mukono le 11, pembeni ya kitanda ya Chola. Uliisoma mara mbili, ukamuuliza kama kweli ni mie niliandika.

Wewe mwenye kujivuna, hata kudanganya haujui. Usiambie tena muntu kama kosa ni yako. Ile maji nilimupa mie.

Nakuja na lori ya kwanza. Uningojee, usikimbie.

Mama yako