Chafya Zako

Mdogo wangu Komando,

Salamu zikufikie ukiwa umekula na umelala vizuri, maana najua kazi ya bomba haina saa. Watu humkumbuka fundi maji yakishafika kitandani. Mama hajambo. Goti linamsumbua kwenye ngazi, lakini ulimi wake haujapata maumivu yoyote. Amenituma nikuambie kwamba anayepokea simu kwa kusema yupo kazini, kisha akakata, bado ni mtoto wake. Mimi nami nipo. Habari za afya yangu nitazifikia, usianzie kusoma mwisho kama ilivyo tabia yako.

Nimerudi kwenye meza ya unga, nusu siku tu kwanza. Tanuri la nyuma bado linaunguza upande mmoja. Wateja waliokwisha kunizika wananigombeza tena kwamba mkate wangu umepungua chumvi, na waliponigombeza ndipo nikajua kweli nimerudi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikimbia duka hili kwa sababu unga unakupigisha chafya, nami nikikuita mvivu? Basi nimelipwa. Baada ya kuwekewa uboho wako wa mifupani ili kutibu saratani yangu ya damu, mimi mwoka mikate mzima nikaanza kupiga chafya mbele ya unga. Daktari wa damu alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia kundi langu la damu limekuwa lako, na askari wa mwili niliowapata kwako wamekuja na chuki zao walizozoea. Nikashona kitambaa cha kufunga puani, nikaendelea kukanda.

Nimechanjwa upya pia. Kinga yangu ya utotoni ilifutika pamoja na uboho wa zamani, kwa hiyo nikapanga foleni na wachanga. Muuguzi akaniuliza mtoto yuko wapi, nikamjibu ndiye huyu aliyesimama mbele yake. Wewe ungezimia. Watu wa nje wanadhani umeitwa Komando kwa ushujaa, hawajui ulivyokuwa ukiingia uvunguni mwa kitanda siku ya sindano.

Sasa tuweke utani kando. Najua kwa nini unatukatia simu. Uliniona siku ile ngozi ya viganja ikibanduka na tumbo likikataa hata maji. Ukamwambia Mama kwamba damu yako inanila, na kwamba hutatoa tena hata tone. Kisha ukafunga virago. Hukungoja nipate nguvu ya kukueleza, na hilo limeniudhi hadi leo.

Nikueleze sasa, kama daktari alivyonieleza. Ndani ya mifupa kuna seli mama zinazozaa damu yote: nyekundu zinazobeba hewa, zile ndogo zinazoziba jeraha, na nyeupe, ambazo ndizo askari. Zangu ziliharibika, zikawa zinazaa askari wasiokomaa, wanajazana tu na kuwanyima wengine nafasi. Ndiyo saratani yenyewe. Zako ziliingia kwa mrija wa mshipani, zikajitafutia njia hadi ndani ya mifupa yangu, zikatulia, zikaanza kuzaa. Hakuna aliyezionyesha njia. Nikifikiria hilo huwa naacha kukanda kidogo.

Ila pamoja nazo waliingia askari wako waliokwisha kukomaa. Hao walifundwa kifuani mwako, kwenye tezi inayowafunza kumjua mwenyeji na mgeni. Walipofika kwangu, wakaona mgeni ni mimi. Ndiyo maana waliishambulia ngozi na utumbo. Lakini hao hao ndio waliosaka mabaki ya saratani ambayo dawa hazikuyafikia. Vyombo vilivunjika humo ndani, ni kweli, ila mwizi naye alipigwa. Nimeishi kwa sababu yao. Acha kujilaumu.

Sasa nikuambie nilichokaa chini kukuandikia. Chafya zimekoma. Tangu mwezi uliopita nakanda bila kitambaa, na Mama alipiga vigelegele. Nami nilifurahi, nikampelekea daktari kama habari njema. Safari hii hakucheka. Alisema chafya peke yake si kipimo, akanitoa damu. Majibu yametoka: seli zako zinapungua, zangu za zamani zinarudi, na miongoni mwao wale wabovu wameonekana. Bado ni wachache. Mama hajui. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Ipo njia. Hawataki uboho tena, wanataka askari wako tu. Utachomwa mkono huu na mkono ule, damu ipite kwenye mashine, ichujwe, nyingine ikurudie mwenyewe. Dawa zilizokuwa zikiwatuliza askari wako, daktari ameshaanza kunipunguzia. Amenionya wazi kwamba ngozi inaweza kubanduka tena, pengine kuliko mwanzo, na kwamba huenda yote yasifaulu. Nimetia saini. Maji nimeyavulia nguo, na sitaki kusikia kwamba unanihurumia. Mwili ni wangu na uamuzi ni wangu. Wewe lete mikono. Naogopa, sikufichi, lakini naogopa zaidi kukaa nikikungoja huku wale wabovu wakiongezeka.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Wewe fundi bomba umeshinda na maji ya watu vya kutosha.

Usinijibu kwa barua. Panda basi la kwanza utakalopata. Sindano zikikutisha nitakushika, si mara ya kwanza kukutoa uvunguni. Mama nitamwambia ukiwa umekaa kando yangu, kwa sababu peke yangu nimejaribu na nimeshindwa.

Wasalimie mafundi wenzako, uwaombe ruhusa bila kuzungukazunguka. Kile kitambaa changu nimekifua, nimekitundika kwenye msumari kando ya meza ya unga. Njoo, nikivae tena.

Ni mimi dada yako, mwenye damu yako,

Mama Mikate