Gemu la Polisi Lilipofika Mafiga

Mafiga, Morogoro
6 Agosti 2001

Kwa mwanangu mpenzi Yunusi,

Asalam aleikum. Naanza na salamu maana najua ukifungua barua kitu cha kwanza unatafuta nani anaumwa. Hakuna anayeumwa. Mimi mama yako sijambo, miguu tu inavimba nikikaa sana, na baridi ya mwezi huu inayoshuka mlimani haisaidii. Mdogo wako Furaha hajambo, anakusalimu, siku hizi hata akiosha vyombo redio iko sikioni. Bibi yako hajambo ila macho. Mjomba wako Mwinshehe huko Kinole hajambo, juzi kaleta ndizi na magimbi. Mzee Ahmadi, mwenyekiti wetu wa mtaa, anakusalimu. Evance dereva wa basi aliyeniletea mzigo wako anakusalimu. Jirani yetu Afande Gabrieli naye anakusalimu, ila salamu zake ni zile za utani wa makabila, siwezi kuziandika kwenye karatasi nzuri hivi.

Mwanangu, ule mchezo mpya uliotuma kwa ajili ya banda letu la gemu hapa sebuleni umefika salama, kisahani chake cha CD hakina hata alama. Furaha akakiweka kwenye mashine. Nikajua ni mpira kama ule wa kwanza. Kumbe ni gari linakimbia na polisi wanalifukuza. Niliacha kuchambua mchele nikasogea.

Sasa kila anayepita sebuleni kwangu ana neno lake. Evance kacheza akitoka safari ya Dodoma, akasema gari halina breki na barabara haina ng'ombe. "Mama Yunusi, kwa mwendo huu Dumila tu ungekuwa umeshabeba magunia matatu ya vitunguu kwenye bampa." Halidi wa fundi viatu anasema mkali sana, lakini yeye kila kitu kwake ni kikali. Afande Gabrieli alisimama mlangoni na sare zake, akatazama, akatikisa kichwa. "Polisi gani hawa wanagonga gari la serikali makusudi? Dereva wetu akikwaruza taa anaandika maelezo wiki nzima." Kisha akanigeukia, "Ila nyie Waluguru mnaupendea nini? Mmezoea kushuka mlima kwa makalio, gari la nini?" Nami nikamwambia Mnyamwezi aliyefika hapa kwa miguu na mzigo kichwani asiniulize habari za magari. Wateja wakacheka mpaka pedi ya kuchezea ikaanguka.

Lakini si wote wanaocheka. Kuna mama mmoja, Magreth, mgeni, wametoka Bukoba mwaka huu kufuata kazi kiwandani. Mwanawe Faraja alicheza hapa, alipotoka akapanda baiskeli akiliza king'ora kwa mdomo, akamgonga bata wa mama yake, na alipofukuzwa akakata kona juu ya mahindi yaliyoanikwa. Magreth amekwenda kwa mwenyekiti. Anasema ninawafundisha watoto kukimbia polisi, banda lifungwe.

Mjomba wako kasikia. Kasema banda likifungwa, hakuna cha kunikalisha mjini, nirudi Kinole shambani. Unajua neno la mjomba. Na unajua miguu yangu na ule mlima.

Basi niambie, mchezo huu ni wa namna gani? Huko Dar watu wanausemaje? Ni mbaya? Jibu mapema.

Mimi mama yako mzazi,
Mwamvita


Kariakoo, Dar es Salaam
14 Agosti 2001

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Waaleikum salaam. Mimi mzima, kazi ipo, dukani tunatengeneza redio na mashine za gemu mpaka vidole vinanuka risasi ya kuungia nyaya. Mpe shikamoo bibi, na mjomba, na Mzee Ahmadi. Furaha mwambie masikio hayauzwi Kariakoo.

Mama, usiogope. Ule ni mchezo tu. Huku dukani vijana wanapanga foleni. Wanaousifu wanasema mbio zake zina raha, hazihitaji akili nyingi, unakanyaga mafuta basi. Wanaouponda wanasema polisi wake ni rahisi kuwakwepa na barabara ni zilezile.

Bosi ana gazeti la Uingereza linaloandika habari za gemu peke yake. Kanisomea. Mmoja kasifu picha na mlio wa injini, akasema ukishauzoea unachosha. Mwingine kasema ni wa kitoto, ila hakuweza kuuacha. Wanatoa alama kama walimu. Huu wameupa saba kwenye kumi.

Wakisumbua sana, ufiche, rudisha ule wa mpira. Na kama banda litafungwa, usipande mlima. Njoo kwangu. Chumba ni kidogo lakini tutabanana.

Mwanao,
Yunusi


Mafiga, Morogoro
27 Agosti 2001

Mwanangu Yunusi,

Asalam aleikum. Sisi wazima, na wewe nakuombea uzima. Furaha anakusalimu, bibi anakusalimu, mjomba anakusalimu, alikuwa hapa. Nitakuambia.

Kwanza habari ya hao Waingereza. Mtu mzima anakaa anacheza, kisha anapewa karatasi atoe alama? Na wazazi wake wanajua? Nimemsimulia Furaha, akasema anaitaka kazi hiyo. Na huyo aliyesema ni wa kitoto na hakuweza kuuacha, huyo namwamini kuliko wenzake.

Mjomba alishuka kuja kujionea kabla ya kuamua. Akakaa kwenye kiti cha wateja, fimbo mapajani, akapewa pedi. Yunusi, aliendesha polepole kama anayepeleka bibi harusi. Anatazama milima ya mle ndani. Polisi wakampita wala hawakumtazama. Muda ukaisha, gari likazimika. Akauliza kosa lake. Halidi akamwambia, "Mjomba, hukukimbia." Akasema, "Nilikuwa naangalia mashamba." Akarudisha pedi, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Nadhani lilimuudhi lile la kuzimiwa.

Sasa taabu yenyewe. Juma lililopita Afande Gabrieli kaja akitoka zamu. Akatangaza mbele ya wateja, "Leo namkamata huyu anayetukimbia kila siku." Akafungua mashine, akachukua kisahani, akatia mfukoni, akaondoka nacho. Vijana wangu wa hapa wakacheka, nami nikacheka, ndivyo inavyotakiwa. Mtani akichukua kitu chako unacheka.

Magreth alikuwa dirishani kwake. Yeye kaona polisi mwenye sare anatoka nyumbani kwangu na kitu mfukoni. Kwao utani huu haupo. Kufika jioni mtaa mzima unasema banda la mama Yunusi limevamiwa. Wateja wamekatika. Wazazi wanawaita watoto wao wakifika mlangoni. Mwenyekiti kaitisha mkutano Jumapili, banda libaki au lifungwe.

Unaona nilivyokwama? Afande kapelekwa kikazi Gairo, harudi mpaka siku ya mkutano yenyewe. Angekuwepo, bado nisingeweza kumdai. Ukimdai mtani umekasirika, na ukikasirika utani umekufa, na tumezikiana watu na Gabrieli, alibeba jeneza la baba yako akilitania njia nzima mpaka nikacheka siku ile niliyodhani sitacheka tena. Simdai. Lakini nikinyamaza, mkutano utajua kweli nimekamatwa. Nikieleza mwenyewe, nani ataniamini, mimi ndiye mshitakiwa.

Nifanyeje, mwanangu? Jibu kwa mkono wa Evance.

Mama yako


Kariakoo
31 Agosti 2001

Mama, shikamoo.

Naandika kwa haraka, Evance yuko nje anapiga honi. Mwombe tu Afande akurudishie, mama. Ni mtu mzima, ataelewa. Haya mambo ya utani ni ya zamani, banda ni la leo. Akikasirika yatapita. Kama hutaki, kusanya nguo zako uje, nimeshamwambia mwenye nyumba.

Nina wasiwasi. Nijulishe.

Mwanao, Yunusi


Mafiga, Morogoro
5 Septemba 2001

Mwanangu kipenzi Yunusi,

Asalam aleikum. Wote wazima, bibi, Furaha, mjomba, na miguu yangu nayo leo nzima kidogo. Basi la Evance liliharibika Chalinze, barua yako nimeipata jana. Mkutano ulikuwa Jumapili. Kwa hiyo nilifanya nilivyojua mwenyewe, na usinune.

Jumapili asubuhi nilimsikia Afande amerudi. Nikapita uani kwao. Mabuti yake ya kazi alikuwa kayapaka rangi, kayaweka juu ya ukuta yakauke. Nikachukua moja, la kushoto, nikaliweka ndani ya kanga. Mke wake aliniona. Akainama akaendelea kusugua sufuria, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Ofisi ya mtaa ilijaa. Magreth alisimama akaeleza habari ya bata na mahindi, na polisi waliokuja kunivamia. Aliongea vizuri, bila ya chuki. Watu wakanitazama. Mjomba alikuwa mbele, fimbo mapajani. Mzee Ahmadi akasema, "Mwamvita, una la kujibu?" Nikasema namngoja shahidi wangu, akija atakuwa anachechemea.

Haukupita muda, Afande huyo. Sare imenyooka, mguu mmoja buti, mguu mwingine kandambili ya mkewe.

"Mwenyekiti, nimekuja kutoa taarifa ya wizi."

"Umeibiwa nini, Afande?"

"Buti. Na mwizi ni Mluguru, maana kachukua moja, kule mlimani hawajui kama binadamu ana miguu miwili."

Nikasimama. "Mwenyekiti, huyu babu yake alitembea pekupeku toka Tabora mpaka pwani. Mguu mmoja wa buti kwake tayari ni anasa."

Mkutano ukaanguka kwa kicheko. Nikalitoa buti kwenye kanga nikaliinua. "Lete gari langu, nikupe mguu wako." Akatia mkono mfukoni akatoa kisahani, tukabadilishana mbele ya mwenyekiti kama watu wanaofunga ndoa.

Magreth alikuwa ananiangalia mimi, kisha yeye. "Kumbe hukukamatwa?"

"Nimekamatwa na mtani, mama Faraja. Hiyo haina mahakama."

"Na mimi nikitaka mtani?"

Afande akamwambia awe na subira, Wahaya tutawatafutia.

Mzee Ahmadi akanyamazisha watu. Akasema ya polisi yameisha, lakini mchezo bado. "Wewe ndiye unayekaa nao kutwa, Mwamvita. Ni mzuri au mbaya? Sema kweli."

Nilidhani nitautetea, ulimi ukakataa. Nikasema nimeutazama siku nyingi, na kukimbia polisi siyo kunakoniudhi. Kinachoniudhi ni kwamba barabara yake haina watu. Hakuna mwanamke anayevuka na ndoo, hakuna mzee, hakuna bata. Mtoto anajifunza mbio mahali ambapo hakuna wa kumgonga, kisha anatoka kwangu anakutana na sisi. Hilo ni kosa la walioutengeneza. La kwangu mimi ni kwamba nilimwacha Faraja atoke na king'ora chake mdomoni nisimwambie neno. Kuanzia sasa nitakaa mlangoni, na mwenye sare za shule haingii mpaka saa kumi.

Hawakupiga makofi. Mwenyekiti akamuuliza Magreth. Magreth akafikiri, akasema sawa, ila atakuwa anakuja kuangalia. Mjomba akainuka akajipangusa suruali, akasema, "Basi mlima utanisubiri mimi peke yangu." Nikajua nimebaki.

Kwa hiyo siji Dar, mwanangu. Mshukuru mwenye nyumba. Nitakuja kutembea, siyo kuhamia.

Ila kisahani kilikaa mfuko mmoja na funguo. Kimekwaruzika. Gari linaondoka vizuri, polisi wanatokea nyuma, kisha picha inaganda papo hapo. Afande kaja kuona, kafurahi sana, kasema sasa ndiyo umekuwa mchezo wa kweli, polisi wakifika kila kitu kinasimama. Vijana wamerudi kwenye mpira. Magreth alikuja jana kuangalia kama alivyoahidi, akakuta gari limeganda, akavuta kiti. Tukakaa wawili tunalitazama. Akaniuliza huyu dereva alikuwa anakwenda wapi kwa haraka hivyo.

Hapa hakuna aliyewahi kufika mwisho. Evance anasema hafiki popote, anazunguka tu. Halidi anasema mwishoni kuna bendera. Mimi naona mtu hakimbii hivyo kama hakuna anayemngoja. Muulize bosi wako, au hao Waingereza wa alama, wao lazima walimaliza. Magreth anarudi Jumamosi na nimemwahidi jibu. Tafadhali nijibu upesi, mpe Evance Ijumaa asubuhi kabla basi halijaondoka.

Mama yako mzazi,
Mwamvita