Nguo Iitwayo Njoo Kesho

Jumatano. Tangu asubuhi Mlima Meru umejifunika, na mvua ya vuli inanyesha kidogo, inaacha, inarudi tena. Miguu inaniuma mpaka nyongani. Nimekivuta kiti karibu na jiko, naandika, maana nikijilaza sasa nitageukageuka tu.

Leo nimekwenda madukani kununua nguo ya mwanamke.

Nieleze vizuri, ili nikisoma mwakani nisijione mwendawazimu. Dada yangu Zuhura anatoka edani kesho. Mumewe, Bakari, alifariki kwa homa hapa hapa Arusha, na tangu siku ile Zuhura amekaa chumba cha nyuma cha nyumba yangu: hatoki, hajifukizi udi, hajipaki wanja, amevaa bafta nyeupe isiyo na ua hata moja. Kesho wanawake watamwogesha na kumvika nguo mpya. Kwetu Pangani nguo hiyo hununuliwa na ndugu wa kiume. Ndugu wa kiume aliyebaki ni mimi.

Jana niliposimama mlangoni kumwuliza anataka nini, nilitazamia aseme lolote litakalopatikana. Hakusema hivyo. Alisema, "Madukani zimeingia kanga za msimu, kaka. Niletee Njoo Kesho."

Ni lazima nieleze jambo la pili. Tangu reli ifike Moshi, robota za nguo zinatufikia upesi zaidi, kwa magari ya ng'ombe ya Makaburu. Kila mzigo ukifunguliwa, wanawake huitazama michoro na kuipa majina. Majina hayo hayaandikwi popote. Mwenye kiwanda Ulaya hayajui, mwenye duka hayajui, waume hawayajui. Kanga ikishapewa jina, mwanamke anayeivaa amesema neno bila kufungua mdomo, na wenzake wamesikia.

Mimi nimefundisha watoto kusoma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Maandishi haya sikufundishwa.

Nilianza kwa Jivan, Mhindi wa barabara ya boma, ambaye tunaheshimiana naye. "Nataka Njoo Kesho," nikamwambia.

"Nije wapi, Mwalimu?"

"Si wewe. Kanga."

"Kanga ziko leo. Kwa nini kesho?"

Nikamfafanulia kwamba ni jina. Akanionyesha karatasi zilizobandikwa kwenye nguo: zina namba tu. Alinifungulia doti baada ya doti mpaka meza ikajaa, yenye korosho, yenye taa, yenye nyota, na kila moja nikaitazama kama mganga atazamaye ramli asiyoiamini. Nikaona aibu kumsumbua, nikaaga.

Duka la pili ni la yule Mwarabu mnene, tunayesali naye. Alikuwa anasinzia. Nikamwinamia sikioni, "Njoo Kesho ipo?"

Akafumbua macho. "Inshallah nitakuja. Nyumbani kwako au msikitini?"

Sikuwa na nguvu za kumweleza. Nikamwambia nyumbani. Kwa hiyo kesho nina mgeni mmoja zaidi.

Nikapanda hadi duka kubwa la yule Mdachi, kwa sababu watu walisema limepokea makasha. Sisi hatuingii mbele. Tunahudumiwa kwenye dirisha la ubavuni. Lakini kwa dirisha hilo naona ndani vizuri. Msimu mpya kwao pia umefika. Wameweka kofia za wake wa walowezi, pana kama sinia, na juu yake manyoya ya mbuni. Mbuni hao wanachinjwa huku chini nyikani. Manyoya yanakwenda Ulaya, yanabandikwa kwenye kofia, yanarudi tena kuangalia mlima uleule.

Ndani kuna kioo kirefu kuliko mtu. Nilimwona mzee amesimama na fimbo, kanzu imelowa pindoni, bega moja limeshuka, nikajiuliza ni nani. Ilinichukua kitambo kumtambua.

Mwuzaji ni Mchaga mmoja wa makamo, mwenye adabu. "Shikamoo, Mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Natafuta Njoo Kesho."

"Sawasawa, Mzee," akasema, "njoo kesho. Leo tunafungua makasha."

Nikakaa juu ya jiwe nje na kucheka peke yangu. Halafu sikucheka tena, kwa kuwa mvua ilianza na nilikuwa sijala.

Nirudi kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mstari wa kwanza.

Shaali, ndugu wa marehemu Bakari, amewasili kutoka Pangani tangu wiki iliyopita. Amefikia kwa jirani zetu. Mwanamke aliye edani haposwi waziwazi, dini imekataza, naye Shaali ni mtu wa dini, hajatamka kitu. Ila mtu mzima hapandi treni na gari la ng'ombe kuja kuuliza hali. Alikwisha kufiwa na mkewe, ana shamba la minazi, ana sauti ya upole. Nimetafuta kasoro yake kwa bidii na sikuiona. Akimwoa Zuhura watarudi pwani, na mimi nitabaki na nyumba hii, na jiko hili, na baridi ya mlima inayoingia kwa chini ya mlango.

Nimezoea kumsikia akikohoa chumba cha nyuma. Nimezoea kuulizwa kama nimevaa fulana.

Nilirudi kwa Jivan ili nijikinge mvua tu. Nikamkuta Bi Tatu, shoga yake Zuhura, ndiye atakayemvika kesho. Alikuwa na wanawake wengine, wamezipanga kanga mabegani, na sauti zao zilisikika tangu barabarani.

"Mwalimu! Nasikia mji mzima unaambiwa uje kesho," akasema Bi Tatu. "Kuna karamu gani?"

"Nicheke tu, Bi Tatu. Nimechoka."

"Sikucheki mimi. Hawa ndio wanakucheka." Wakacheka wote, naye zaidi yao. "Ungetuuliza sisi. Au mwalimu haulizi?"

"Basi nauliza."

Akavuta doti mbili kutoka kwenye lile rundo nililolichambua asubuhi. Ya kwanza nyekundu iliyoiva, na katikati, pale wanapopaita mji wa kanga, umechorwa mlango wa mbao uliorudishwa nusu. "Hii ndiyo Njoo Kesho. Umeuona mlango? Haukufungwa, haukufunguliwa." Ya pili ina rangi ya zambarau, mji wake una kufuli kubwa. "Na hii Basi Tena. Hiyo huhitaji kuelezwa."

"Na mtu aliyekuja kutoka mbali akamkuta mwanamke amevaa hii ya mlango?"

"Ameambiwa asikate tamaa wala asifungashe mizigo. Arudi kuuliza."

"Na ya kufuli?"

"Afungashe usiku uleule." Akanitazama kidogo. "Njoo Kesho imebaki hiyo moja, Mwalimu. Ukichelewa, mke wa fundi huyu hapa ameitupia jicho."

Kisha akageuka kugombana na Jivan juu ya kaniki iliyotoka rangi, akaniacha nimesimama na mlango mkono huu na kufuli mkono ule.

Niandike kweli, maana hapa hanioni mtu. Niliipenda ile ya kufuli. Niliikunja vizuri, nikaiweka kwapani. Nilikwisha kuyatunga maneno yote: Njoo Kesho imekwisha, dada, mke wa fundi kaichukua, hii nayo ni ya msimu, tena rangi yake inakupendeza. Hapana mtu ambaye angenishtaki. Kesho barazani Shaali angeliona lile kufuli, na wanawake wangemnong'oneza maana yake hata kama hakuuliza, na yeye kwa upole wake angetuaga. Nyumba ingebaki ilivyo.

Mke wa fundi akanyoosha mkono kwenye ile nyekundu. "Unaiacha hiyo, Mwalimu?"

Sijui kwa nini nilisema hapana. Napenda kudhani ni wema. Nadhani zaidi ni kwamba nilimkumbuka Zuhura pale mlangoni jana. Miezi yote hii kila mtu amemsemea: mimi, imamu, majirani, wanawake wanaoleta uji. Tumemwambia habari za mvua, kuni, subira, amri ya Mungu. Jana ndipo kwa mara ya kwanza aliomba neno lake mwenyewe, akalitaja kwa jina, akanituma nimletee. Nikampelekea lingine, nitakuwa nimemjibia na posa.

Nikairudisha ya kufuli mezani. Jivan akanifungia ile nyekundu katika kipande cha merikani, isilowe.

"Umefanya vizuri," Bi Tatu akasema bila kugeuka. Kwa hiyo alikuwa akiona muda wote.

Kutoka barabara ya boma mpaka kuvuka mto Themi ni mwendo mdogo, leo ulikuwa mrefu. Nilisimama darajani kupumzika. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo wa mlimani. Nikaufungua ule mzigo kidogo na kuutazama tena mlango. Mchoraji wa Ulaya hakujua alichora nini. Labda alifikiri ni pambo.

Zuhura alipoipokea alipitisha vidole juu ya pindo, polepole, kisha kwenye mlango. Akaileta puani; kanga mpya ina harufu yake ya dawa ya kiwandani, na yeye hajanusa kitu kizuri muda mrefu.

"Walikucheka, kaka?"

"Sana."

Akacheka naye. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka hufunika meno kwa kiganja, tangu utoto.

Hapo sikuweza kujizuia. Nikamwuliza kile ambacho kaka mwenye busara asingemwuliza usiku wa kuamkia siku hiyo: "Utakwenda Pangani, Zuhura?"

Aliikunja ile kanga mara mbili, akaiweka magotini, mlango ukiwa juu. Hakunikasirikia. Alinitazama kama anavyonitazama nikiwa sijavaa fulana.

"Njoo kesho, kaka," akasema.

Nimeyatamka maneno hayo siku nzima, katika kila duka. Safari hii niliambiwa mimi; nikatoka, nikaurudisha mlango wake nusu, bila kuufunga.