Marehemu wa Kwenye Kompyuta

Jumanne, Sumbawanga

Eti kinaisha chenyewe! Siku nzima nimefupisha matokeo ya programu ya kompyuta ya wafadhili inayoiga mlipuko: kipindupindu cha kubuni, kinachotembea kijiji hadi kijiji kufuata mitumbwi na magulio.

Siri yake nimeiona. Humo mtu akifa, safari zote zinazomhusu, zake na za wanaomwendea, zinafutwa, na ugonjwa unakosa wa kuubeba.

Nikamwambia mtaalamu wao, "Bwana, huku mtu akifa ndipo watu wanaanza kusafiri." Akacheka. Msiba, akasema, hauingii kwenye hesabu. Basi nikaandika "matokeo yanaridhisha", nikasaini.

Jioni mama kaja analia. Shangazi kafariki Kipili, kwa kuhara. "Mwanangu, twende tukamzike."

Ningemkataliaje?

Kesho tunaondoka, watu kumi na wanne kwenye pikapu moja. Kwa mujibu wa ripoti niliyosaini, hakuna anayekwenda.