Vyombo Saba vya Maabara

Shosti, uso wangu nitauweka wapi leo!

Si nimemwomba mwalimu wa kemia barua ya kunipendekeza chuoni? Akanitazama weee. "Wewe uliyenivunjia vyombo saba vya maabara?"

Saba! Kumbe alikuwa anahesabu!

Akaandika palepale, kisha akaisoma kwa sauti, ofisi nzima ya walimu inasikiliza: "Mwanafunzi huyu amevunja vyombo saba."

Nikajua chuo ndiyo basi tena.

"Na kila mara alikuja mwenyewe kuniambia kabla sijajua. Mpokeeni, huyu hasemi uongo."

Shosti, nililia!

Nikainuka kumshukuru, kiwiko kikagonga kikombe chake cha chai, paa!

Akachukua kalamu, akafuta saba, akaandika nane.