Uji Ulioumwaga kwenye Migomba

Mdogo wangu niliyekubeba mgongoni,

Meno yako bado yako hapa kwenye mkono wangu wa kulia. Kidonda kimepona, kovu limebaki, na kila nikisonga ugali naliona. Najua na wewe huko Mwakiro, Muyinga, una lako juu ya jicho, la mwiko wangu. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika hapa mtandaoni, na anayetaka kusoma asome.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu Mutaho kujifungua, kwa kuwa mama hayupo tena? Mtoto alipotimiza wiki, majirani walikuja kukuhemba, kumpongeza na kumlisha mzazi, kila mmoja na kikapu kichwani: maharage, maziwa, unga wa uji wa kumrudishia mzazi nguvu. Bi Donata wa ng'ambo ya bonde aliendelea kukuletea uji wa mtama kila asubuhi. Ulikuwa unamwambia, "Asante mama, weka hapo, nitakunywa." Nami nikajisifu kwamba nakutunza.

Kumbe ulikuwa unaumwaga nyuma ya nyumba. Nzi ndio walionipeleka. Nilikuta uji wa siku nyingi umechacha kwenye mashina ya migomba, na maharage yangu chini yake yameota ukungu. Ndani mtoto alikuwa analia ile sauti nyembamba ya titi tupu. Wewe umeshika simu, unamsikiliza mwanamke mmoja anayeuza majani ya kupunguza tumbo. Siku ishirini na moja, maji ya ndimu na majani yake, basi. Maharage yanavimbisha, anasema. Ugali ni sumu.

Sikukuuliza kitu. Nilikupiga na mwiko begani, nikakupiga tena, wa tatu ukakupata juu ya jicho, damu ikashuka hadi kidevuni. Uliniuma mpaka nikasikia meno yamegusa mfupa. Nilikukamata nywele, nikakusukuma ukutani, ukaanguka, na ulivyoanguka ulikuwa mwepesi mno. Hapo ndipo nilipoogopa.

Bi Donata alitukuta sakafuni, na bakuli lake mkononi. Alinyanyua mtoto kwanza. Kisha akatazama nje, akaiona ile migomba. "Mi nililetaka uji ya mzazi," akasema polepole. "Haiko ya migomba." Kesho yake ulipanda pikipiki na mtoto wako, kichwa umekifunga kitenge.

Yale majani uliyaacha, nikayachemsha, nikanywa. Yanaharisha tu, mdogo wangu. Siku mbili nilishinda chooni, tumbo likapungua kweli, na macho yakaingia ndani. Nikimkuta yule mwanamke soko la Gitega nitamshika shingo nimnyweshe ndoo nzima. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tukapanga foleni ya mgao na sufuria kichwani, leo njaa tunaitafuta wenyewe? Kule hakuna aliyeiita dawa. Sikatai kwamba mtu apunguze. Soda punguza, mafuta yanayoelea kwenye mchuzi punguza. Lakini maharage, mboga ya lengalenga, visamaki vya ndagala kidogo, tonge la ugali na jembe mkononi, hayo mama aliyala maisha yake yote na hakuna aliyemcheka kiuno.

Wewe ulichekwa. Muda mrefu nilimlaumu mumeo, nikasema lazima ni yeye aliyekutia maneno. Juzi nilikuwa nachambua maharage nikakumbuka siku ile ya kuhembwa, nyumba imejaa wageni. Ulisimama kupokea kikapu, nami nikasema kwa sauti, "Jamani, huyu bado ana mwingine ndani." Watu wakacheka. Wewe pia ukacheka, ukavuta kitenge ukafunika tumbo, na sahani yako ukairudisha ikiwa imejaa. Niliiona ile sahani, nikaimaliza mimi.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeanza kukupiga, na siku ile sikuwa na mwiko mkononi. Nisamehe. Nimeona aibu.

Jumamosi nakuja Muyinga na kikapu cha kukuhemba upya, na uji wa Bi Donata kwenye chupa ya chai. Kabla sijafika, kula. Mnyonyeshe mtoto, kisha ule tena. Ukifungua mlango ukataka kunipiga, nataka uwe na nguvu za kunipiga vizuri.

Ni mimi dada yako, mwenye kovu