Dua Iliyotangulia Mtihani

Mtwara

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama mbele ya kikaango cha chapati. Mguu unaendeleaje? Baba bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, kazini nakwenda.

Utashangaa kuletewa barua na dereva wa lori wakati simu ninayo. Simu yako, mama, unaipokea kwa sauti ya juu hapo kibandani, na Shelui nzima hunisalimia. Haya nataka uyajue peke yako kwanza.

Nimefaulu mtihani wa leseni ya ufamasia. Matokeo yametoka wiki hii.

Najua unajiuliza, mtihani gani tena, si alishafaulu? Kile kilikuwa chuo. Baada ya chuo mtu hufanya kazi mwaka mzima chini ya usimamizi, ndipo anafanya mtihani wa leseni. Bila leseni husimami peke yako kwenye dirisha la dawa. Baba alipoiona picha yangu ya joho alidhani safari imekwisha. Akachinja mbuzi wawili, akaita msikiti mzima, imamu akaniombea dua ya shukrani, akaniita "binti yetu, daktari wa dawa". Mimi na wewe tulikuwa uani tunapakua pilau. Nikakuambia, "Mama, bado kuna mtihani mmoja." Ukasema, "Mwenyezi Mungu hashindwi na mtihani mmoja. Pakua." Nikapakua.

Mtihani huo nilifeli, mama. Ilikuwa mwaka jana. Sikumwambia mtu. Ningesemaje, na pilau mlishaila?

Siku chache baada ya matokeo yale ukanipigia kuniuliza kuhusu dawa yako ya presha. Ulisema ukimeza kidonge kizima unakwenda chooni kila mara na wateja wanakusubiri, kwa hiyo unakata nusu, je, kuna ubaya? Niliwasikia madereva wakicheka nyuma yako. Nikakujibu, "Nenda kituo cha afya ukaulize." Ukasema, "Haya, daktari," ukakata simu. Mdogo wangu Zuhura aliniambia baadaye kwamba umesema mtoto akisoma sana anawaona wazazi wadogo. Iliniuma. Jibu nililijua, mama. Ila nilikuwa nimeshaambiwa kwa maandishi kwamba sijafikia kiwango, nikaacha kuamini hata kile ninachokijua.

Nikaanza upya. Neema, mwenzangu wa hapa kazini, alikuwa akinitupia maswali tukiwa tunapanga maboksi stoo: mtoto wa kilo kumi na mbili apewe mililita ngapi, dawa hii haiendi na ipi. Nikikosea hanihurumii, anasema umeshaua. Nikazoea kuua na kurudia hesabu.

Siku ya mtihani kuna chumba ambamo unamkuta mgonjwa wa kuigiza, na msimamizi anaandika pembeni. Wangu alikuwa mama wa makamo, kajifunga kanga. Akaniambia anakata dawa ya presha nusu kwa sababu inampeleka chooni, na yeye ana biashara. Nikamweleza vizuri, kwa upole, neno kwa neno. Akanishukuru, nikatoka. Mtu nisiyemjua, anayeumwa kwa kuigiza, nilimpa jibu nililokunyima wewe.

Neema alipoleta habari kwamba nimefaulu nilikuwa nahesabu vidonge vya mgonjwa. Nikamalizia ishirini na moja, nikafunga bahasha, nikamwita anayefuata. Tangu hapo nangoja furaha, haiji. Nipo kama mdomo uliong'olewa jino, ganzi haijaisha. Silii, sicheki. Labda furaha yake tuliila yote siku ile na wale mbuzi.

Kwa hiyo jibu lako hili hapa, limechelewa. Usikate kidonge. Nusu haiishushi presha inavyotakiwa, nayo presha haipigi hodi. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba chooni unakwenda sana na kazi yako ni ya kusimama. Atakupangia saa nyingine au dawa nyingine. Usione haya. Aliyestahili kuona haya ni mimi.

Nisalimie baba, na umwambie wewe, kwa namna utakayoona inafaa. Mbuzi wa safari hii awaache wakue. Zuhura asome, asiniige kuficha. Bibi wa Kinampanda mpe shikamoo yangu. Dereva aliyekuletea barua mpe chai, hajui alichobeba.

Ukimaliza kusoma nipigie, hata wateja wakiwa wamejaa, hata kwa sauti ya juu. Huna haja ya kusema mengi. Sema tu, "Leo nimemeza kizima," nami nitajua umenisamehe.

Mwanao,
Mwajuma